Kitu cha Bi Kusum

Harufu ndiyo iliyotangulia, kabla sijaona kilichotolewa sandukuni. Liwa na kafuri, na chini yake harufu ya mbao za kale zilizokaa mahali pasipofunguliwa madirisha. Nilikuwa nimejilaza kitandani kwa mama, Thorncliffe Park jijini Toronto, mwanangu mchanga amelala ubavuni pangu, na mama amepiga magoti sakafuni akipekua sanduku lake la nguo. Harufu ile iliponifikia, mwili ulinisisimka hadi kwenye nywele. Mara nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, nimesimama na soksi juu ya zulia jekundu katika nyumba ya Bi Kusum, na nyuma yangu kasuku wa mbao wanagongana peke yao.

Sijawahi kumsimulia mtu habari hizi, hata mume wangu. Ninyi nawaambia kwa sababu hamnijui, na kwa sababu nimechoka kuzibeba.

Mama yangu alikuwa mhudumu wa wazee. Siku za juma alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila Jumamosi alikwenda kwa Bi Kusum, mjane wa Kihindi ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, leo yuko Manitoba, kesho yuko Marekani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuachiwa mimi. Tulipanda basi, tukashuka, tukatembea barabara ya miti mikubwa ambako hukusikia hata redio ya jirani, hadi nyumba ya mwisho kabisa, ile iliyosimama ukingoni mwa bonde. Chini ya bonde ilipita reli.

Bi Kusum alizaliwa Tanga, na mama alizaliwa Tanga, ila mmoja katika nyumba ya ghorofa yenye duka chini, na mwingine Ngamiani, katika nyumba yenye wapangaji kila chumba. Kule wasingekunywa chai meza moja. Toronto waliinywa, tena kutoka sufuria moja, wakigombana kuhusu kiasi cha tangawizi. Mimi, kama watoto wote wa majengo yetu, nilielewa Kiswahili lakini nilijibu kwa Kiingereza. Bi Kusum alikuwa akiweka kiganja sikioni na kusema, "Sijasikia, wee mwana," na hasikii kweli mpaka nirudie kwa Kiswahili. Hivyo basi lugha hii mnayoisoma, sehemu yake kubwa nilifunzwa na bibi wa Kihindi aliyevaa sari, na juu ya sari sweta la marehemu mumewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa makumbusho. Mumewe, enzi za uhai wake, alinunua vitu vya kale vya Uhindini kila viliponadishwa, akavipanga chumba baada ya chumba mpaka hapakuwa na pa kukaa. Alipofariki, Bi Kusum alihamia nyuma, kwenye jiko na chumba kimoja cha kulala, akaviachia vitu vile nyumba iliyobaki. Waliotaka kuviona walipiga simu kwanza, wakaja wachache wachache, walimu wa vyuo na wanafunzi wao, wakavua viatu mlangoni. Mapazia hayakufunguliwa mwaka mzima, maana jua hula rangi za picha na hariri. Tuliingia kutoka kwenye theluji inayoumiza macho, tukatumbukia katika giza lenye harufu ya liwa na kafuri, na ilinichukua muda kuanza kuona nini kinanitazama.

Vingi vilinitazama. Palikuwa na taa ya shaba yenye umbo la tausi, iliyowekwa macho ya mawe mekundu. Palikuwa na mapanga yenye vipini vya mawe ya kijani, na nguo ya harusi iliyotandazwa ukutani, mikono imepanuliwa kana kwamba aliyeivaa ametoka tu. Vilikuwa vitu vya wafalme na matajiri wa Uhindini, lakini Bi Kusum alivitaja kwa majina ya kwetu. Chombo cha fedha chenye shingo ndefu, cha kunyunyizia marashi, kilikuwa mrashi. Kile cheusi, kilichotiwa maua ya fedha, kilikuwa buruma ya kuvutia tumbaku. Mama alikuwa akivifuta vumbi kwa brashi laini na kusema kwamba mrashi kama huo, ingawa wa bati, ulikuwapo kwao kwenye kila maulidi. Kila kitu kilifungiwa kikaratasi chenye namba kwa uzi mweusi. Kilichoingia nyumba ile kilipewa namba, na kilichopewa namba hakikutoka. Hilo nililijua mapema.

Katika chumba cha katikati ilitundikwa picha ndogo ya msichana mwenye kasuku mkononi. Alikuwa wa rika langu, ana hereni, ana gauni la waridi, ana pete puani yenye lulu. Kikaratasi chake kilisema hivyo hivyo, msichana na kasuku. Siku moja Bi Kusum alinikuta nikimkodolea macho, akajiegemeza kwenye fimbo yake.

"Huyo ni mwanamume," alisema.

Akanieleza kwamba mama wa mtoto yule alizika watoto wa kiume kabla yake. Alipozaliwa huyu, akamtoboa pua, akamvika kike, ili kifo kikipita kumtafuta kiseme huyu siye, kiende zake. Nikamuuliza kama aliishi. Bi Kusum akafikiri kidogo, akajibu kwamba aliishi hata akachorwa. Nikamuuliza tena, kwa Kiswahili changu cha kuokoteza, mbona karatasi haijasahihishwa. Alisema haitasahihishwa yeye akiwa hai, kwa sababu kifo hakistaafu.

Chumba cha mwisho, kile kilichotazama bondeni, kilikuwa na susu, yaani kitanda cha kubembea cha mtoto mchanga. Kilitengenezwa Gujarati, kikapakwa rangi nyekundu ya kung'aa na maua ya dhahabu, kikaning'inizwa kati ya nguzo mbili kwa kamba za hariri. Juu yake walipangwa kasuku wa mbao. Vitu vingine vyote vilinunuliwa. Susu lile lilikuwa la ukoo wao, lilisafiri na akina nyanya zake mpaka Tanga, na kutoka Tanga mpaka Toronto. Treni ilipopita chini bondeni, sakafu ilitetemeka kidogo, na kasuku wakagongana, kata, kata, kata. Najua leo kwamba ilikuwa treni. Wakati ule nilijua pia. Haikunisaidia.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja, na mama aliishika kwa ukali kuliko mwenye nyumba. Susu tupu halibembezwi. Likibembezwa, huita. Sikuuliza huita nini.

Sasa lazima niwaambie kuhusu ndugu zangu. Kabla ya mwaka ule mama alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza hakufika arobaini. Wa pili, msichana, alikuwa ameshaota vijino vya chini, nami namkumbuka vizuri kwa sababu alikuwa aking'ata kidole changu kisha akicheka. Aliamka na homa, na jioni hakuwepo. Madaktari walipima kila cha kupima, wakasema pole, wakasema ni bahati mbaya. Majirani zetu wa Kipakistani walituletea wali kwa wiki nzima. Baba alisema kazi ya Mungu haina makosa, mama akaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo hakuimba tena jikoni.

Kisha tumbo lake likaanza tena kukua. Alilificha chini ya koti hata alipokuwa ndani, na Bi Kusum alilijua kabla ya baba.

Siku hiyo nilikuwa kwenye korido nikisugua mkia wa yule tausi kwa kitambaa, kazi pekee niliyoruhusiwa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nilisikia kisu cha mama kikikata vitunguu, kisha nikasikia sauti ya Bi Kusum, ile ya chini aliyoitumia mara chache.

"Huyu usimpeleke kwako akiwa wako. Nipe mimi."

Kisu kikanyamaza. Mama akasema hapana, lolote lakini hilo hapana. Bi Kusum akamwambia kwamba naye aliwahi kuwa na mtoto, mmoja tu, alilala susu lile lile kule Tanga, na katika mtaa mzima wa majirani hakupatikana hata mmoja aliyethubutu kumwokota. Hatimaye mama akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Na wewe je?"

"Mimi nimekula chumvi nyingi," Bi Kusum alijibu. "Kutoa ni moyo, mwanangu. Usambe ni utajiri."

Mama akaanza kulia. Mimi nikabaki na kitambaa mkononi, na tausi ananitazama kwa macho yake mekundu. Nilielewa kwa akili yangu ya darasa la tatu kwamba Bi Kusum anamtaka mdogo wangu kwa ajili ya makumbusho, na kwamba mama atampa.

Miezi iliyofuata niliishi na hofu ambayo sijaijua tena mpaka mwaka huu. Nilimwona mdogo wangu ndani ya kabati la vioo, kati ya mrashi na buruma. Nilijiuliza atakula saa ngapi, na nani atamfuta vumbi, na kama wale wanafunzi watamvulia viatu. Baba alipopiga simu akiwa njiani nilifungua mdomo nimwambie, nikaona macho ya mama juu yangu, nikasema tu kwamba shule ni nzuri. Baba alikuwa mtu wa dini na wa maneno machache. Angesikia, angegeuza lori barabarani.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Baba alirudi, akamwadhinia sikioni, akamfanyia akika, akamwita Idrisa, akacheka kuliko nilivyowahi kumwona akicheka. Kisha akarudi barabarani. Mama hakulitamka jina lile hata mara moja. Jumamosi iliyofuata alimvalisha mtoto nguo zote nzito alizokuwa nazo, na juu ya nguo akamzungushia kanga yake kuukuu, iliyofuliwa hata maandishi yake yakafutika. Tukapanda basi.

Hatukwenda mlango wa mbele. Tulipita ubavuni mwa nyumba, kwenye njia nyembamba ambako husimama mapipa ya taka, la kijani na la bluu na lile la uchafu. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka. Mama alitandika kipande cha boksi chini, kando ya pipa la kijani, akamlaza mdogo wangu juu yake. Akanishika mkono, akaanza kutembea kuelekea barabarani.

"Usigeuke nyuma," alisema.

Niligeuka. Niliona uso mdogo mwekundu ndani ya kanga, na theluji ikimwangukia. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikaanza kupiga kelele mimi. Wakati huo huo akatokea bwana mmoja wa mtaa ule na mbwa wake. Mbwa alinusa upande wa mapipa, bwana akatazama mapipa, akatutazama sisi, akatazama tena mapipa. Msicheke, katika nchi hii mtu huitiwa polisi kwa kumsahau mtoto dukani kwa dakika moja. Mama alisimama kama aliyepigwa msumari.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Bi Kusum akatoka na fimbo yake, koti juu ya sari, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi bondeni, "Nani katupa kitu kwenye taka zangu?"

Kisha akamgeukia yule bwana, akamwambia kwa Kiingereza kizuri sana kwamba ni mjukuu wake, anapunga hewa. Bwana hakuonekana kuamini, lakini mbwa alikuwa na safari zake, akamvuta. Bi Kusum aliinama kwa shida, mfupa mmoja baada ya mwingine, akamnyanyua mdogo wangu.

"Kimetupwa," alisema, si kwetu bali hewani. "Hakina mwenyewe. Nimekiokota mimi."

Tulizunguka mbele, tukabonyeza kengele kama wageni, tukavua viatu. Mdogo wangu alikuwa amelazwa ndani ya susu. Mguuni alifungwa kikaratasi chenye namba, kwa uzi mweusi. Bi Kusum alitueleza habari zake kama alivyowaeleza wageni wote habari za vitu vyake: ni kitu cha kale, kimepasuka, fundi wake hajulikani, hakina thamani. Mama alisema anaomba kuazimwa. Bi Kusum akamwazima. Akaongeza kwamba siku kitakapotoka mlango wa mbele kwa miguu yake chenyewe, mama alete pumba, naye atamuuzia, kwani hakistahili zaidi ya pumba. Kisha akashika kamba ya hariri na kulibembeza susu taratibu. Nilikuwa sijawahi kuliona likibembezwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwimbia.

Nikadhani ni miguu yake itakayopona. Nikadhani hicho ndicho anachomtakia mdogo wangu, awe dawa.

Basi tukarudi naye nyumbani, na kwetu akawa Kitu. Kimelala, kimenyonya, kimejikojolea. Jirani akisema mtoto mzuri, mama alijibu haraka kwamba si wake, ameazimwa, na jirani akacheka akidhani ni mzaha wa Kiafrika. Baba alikasirika. Alisema mtoto ana jina la nabii, na kwamba yeye anasikia harufu ya Ngamiani humu ndani. Mama hakubishana. Alisema Mungu ni Mungu, na tahadhari ni tahadhari, akaenda kusali. Kila Jumamosi tulikipeleka kikalale kwenye susu, na kasuku waligongana juu yake treni ilipopita, nacho kiliwatazama bila kupepesa. Juu ya friji mama aliweka boksi la pumba za ngano, zile ambazo watu hula asubuhi na maziwa wakitafuta afya. Liliisubiri siku yake pale, na hakuna aliyeruhusiwa kulifungua.

Mimi nilikuwa nikilala na mkono wangu juu ya mguu wake. Nilikuwa nimeshaona kwamba vitu vya Bi Kusum havirudi kwa wenyewe.

Akakua. Akaanza kusimama kwa kushika viti. Wiki ile vijino viwili vya chini vilipochomoza, mama aliacha kula. Na asubuhi moja kabla ya shule nikamgusa mguu, ukaniunguza.

Baba alikuwepo, kwa bahati, akakimbilia chini kuwasha gari. Mama alikuwa na mtoto begani, macho yake makavu kabisa, na kabla ya kutoka alipiga simu. Bi Kusum alikuwa akipiga kelele kwenye simu kama watu wote wa umri wake, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Kitu chako kinaumwa," mama alisema.

"Changu hicho," ikajibu sauti. "Wewe huna mtoto mgonjwa. Niachie."

Mama akashusha simu polepole. Alisimama kidogo akiutazama ukuta, kisha akashuka kwenda hospitali. Mimi nikaachwa kwa majirani, nikapewa chai ya maziwa, nikaiacha ikapoa. Walirudi mchana. Homa ilikuwa imeshuka, Kitu kilikuwa kikicheka na kumvuta baba ndevu, na baba alimshukuru Mungu na madaktari kwa zamu. Mama hakukaa. Alipiga simu nyumba ya bondeni, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Mpwa wa Bi Kusum alitupigia siku ya pili. Walikuwa wamemkuta katika chumba cha mwisho, ameketi sakafuni, ameegemea nguzo ya susu, kamba ya hariri imezungushwa mkononi. Moyo, alisema. Alikuwa mzee, alisema. Mama alikaa chini pale pale jikoni. Kisha akanyanyuka, akachukua lile boksi juu ya friji, akarudi kukaa nalo mapajani.

Tulikwenda tukakuta nyumba imejaa jamaa waliovaa meupe, na mapazia yamefunguliwa. Sijui kwa nini hilo liliniogopesha kuliko msiba wenyewe. Jua lilipiga kila kitu, na vitu vyote vikaonekana vidogo, vimechakaa. Mama aliomba ruhusa, akaenda hadi chumba cha mwisho, akaweka boksi la pumba chini ya susu. Mpwa alimshukuru kwa adabu, nadhani alidhani ni desturi ya Tanga ya kufariji wafiwa. Alimpa mama kanga kuukuu waliyoikuta imekunjwa ndani ya susu. Tulipofika mlangoni mama alimsimamisha mdogo wangu chini, akamwachia mikono, akangoja. Alisimama, akayumba, akakaa. Akamsimamisha tena, akakaa tena. Watu walikuwa wanasubiri kupita, basi mama akambeba, tukatoka.

Vitu vile vilichukuliwa na makumbusho mengine, mbali na hapa. Nyumba ilivunjwa. Natumaini kule bado wameandika kwamba yule mwenye kasuku mkononi ni msichana.

Nami, nawaambieni ukweli, miaka mingi niliamini kwamba Bi Kusum alitaka kutunyang'anya, akafa kabla hajafanikiwa, na kwamba tuliponea chupuchupu.

Leo mimi ni muuguzi. Najua homa ya meno, najua moyo wa mwanamke mzee unavyochoka, na nimewaeleza wazazi wengi mambo hayo kwa sauti ya upole. Mwaka juzi nilizaa mtoto wa kiume ambaye hakufika arobaini. Walipima kila cha kupima, wakaniambia pole. Ndiyo maana safari hii, nilipojifungua, mume wangu alinileta kwa mama.

Na sasa mama alikuwa amepiga magoti, na kilichotoka sandukuni kilikuwa ile kanga. Mlango wa mbele ulifunguliwa, akaingia mdogo wangu kutoka kazini, fundi wa lifti, mrefu hata huinamisha kichwa akipita. Mama hakugeuka. Alisema tu, "Kitu, vua viatu," naye akacheka, akavua, akaenda jikoni kutafuta chakula. Mama akasubiri hadi aliposikia sufuria zikigongana.

"Anayeokota mtoto huokota na mkosi wake," aliniambia. "Bi Kusum alijua. Na mimi nilijua."

Alisema hivyo bila machozi, akiikunjua kanga juu ya magoti. Halafu akaniambia kwamba kwenye korido, karibu na lifti, kuna kile chumba cha kutupia taka. Nitoke na mtoto, nimlaze mlangoni pake, nirudi ndani nisigeuke. Yeye atapita baadaye kidogo.

Nikamtazama. Niliona mikono yake iliyokauka, na vidonge vyake vya presha mezani. Niliona mtoto wa darasa la tatu anayepiga kelele kwenye theluji kwa sababu anadhani mama yake anamtupa mtoto. Hakuwa anatupa. Alikuwa anachagua nani afe, na aliyechaguliwa alikuwa amekubali, ametoka nje kwa miguu yake mibovu kwenda kuinama. Nikaingiwa na hofu, na hasira, na mapenzi makubwa kwa yule bibi wa Kihindi niliyemchukia nikiwa mtoto. Nikamkumbatia mwanangu.

"Hapana, Mama. Huyu ni wangu."

"Nami nilimwambia hivyo hivyo," alisema mama.

Hakunishurutisha. Aliikunja kanga mara nne, akailaza miguuni pa kitanda, akasema ikae hapo tu. Bado ipo. Mchana, mtoto akipiga chafya, mama huacha alichokuwa anafanya na kuja mlangoni. Hatutazamani. Sote wawili tunaitazama ile kanga.